Matuamo, Wala Si Mashapo: Mintarafu ya Udongo wa Mapangoni

Katika kijitabu kimoja cha historia, kilichotolewa karibuni kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari na kupigwa chapa nzuri juu ya karatasi bora, nimesoma ya kwamba habari za watu wa kale waliotumia pango la Panga ya Saidi, huko Kilifi, zimepatikana kwa uchunguzi wa “mashapo ya pango”. Na neno hilo mashapo limekaririwa humo ukurasa baada ya ukurasa, kana kwamba Kiswahili hakikuwa na neno jingine la kuitia ule udongo, jivu, vumbi, vipande vya mawe ya chokaa, kinyesi cha popo na vijipande vya mifupa vilivyoshuka sakafuni mwa pango hilo, tabaka juu ya tabaka, kwa muda wa miaka 78,000. Nilipouliza neno hilo limetoka wapi, nilijibiwa ya kuwa limekwisha pitishwa na kamati. Maadamu limepitishwa na kamati, sisi tulio nje ya kamati imetupasa kulipima, kwa kuwa istilahi haiwi sahihi kwa kupigiwa kura, bali kwa kuafikiana na maana ya kitu kinachotajwa.

Mashapo, kwa yeyote aliyelelewa miongoni mwa wasemaji wa pwani, ni kile kinachosalia baada ya kitu kukamuliwa au kuchujwa, utamu wake ukiisha kutoka na faida yake ikiisha kuchukuliwa. Lugha yetu ni tajiri mno katika mlango huu, wala haipendi kuchanganyiwa jamaa zake: nazi iliyokunwa na kukamuliwa tui huacha machicha, ufuta uliosindikwa mafuta huacha mashudu, mpunga uliotwangwa na kupepetwa huacha makapi, chakula ambacho walaji wameshindwa kukimaliza huacha masazo, na mashapo hukusanya chini ya jina lake mabaki ya vingi vinginevyo vinavyokamuliwa na kuchujwa. Majina yote haya, pamoja na tofauti zake, yamebeba hukumu moja ndani yake, nayo ni kwamba mwenye kazi amekwisha pata alichokikusudia, na kilichobaki ama wapewe kuku ama kimwagwe uani. Hakuna mama aliyepata kumtuma mwanawe sokoni kununua mashapo.

Hukumu hiyo ndiyo iliyo kinyume kabisa cha elimu tunayoitafutia jina. Katika karne ya 19 wachimbaji wengi wa mapango ya Ulaya, waliokuwa na shauku ya mafuvu na zana za mawe, waliuzoa udongo kwa sepeto na kuumwaga nje ya mlango wa pango, wakachagua humo kilichowapendeza macho, na kwa kufanya hivyo wakapoteza milele habari ambazo leo wanazuoni wangetoa mali nyingi kuzipata. Kwa watu wale udongo ulikuwa mashapo kweli kweli, na lau wangalisema Kiswahili wasingalihitaji neno jingine. Lakini elimu ya leo imeanza pale pale walipotupa wao. Mchunguzi hukata bonge la udongo lisilovurugika, akalinywesha gundi hata likawa gumu kama jiwe, kisha akalikwangua mpaka likawa utando wa unene wa milimita 0.03, ambao mwanga hupenya, na chini ya darubini akaona jivu la kuni mahali lilipoanguka, na udongo uliokanyagwa na nyayo, na chembe zilizoletwa na upepo zikiwa mbali na zile zilizoletwa na maji. Ni kwa tando za namna hiyo ndiko kulikobainishwa mwaka 2012 ya kuwa katika pango la Wonderwerk, Afrika Kusini, moto uliwaka takriban miaka milioni moja iliyopita. Na ni katika udongo mtupu, pasipo mfupa hata mmoja, ndimo vilimopatikana vinasaba vya watu wa kale wa pango la Denisova, huko Siberia, kama ilivyotangazwa mwaka 2017. Chembe ya mchanga, nayo, hutunza ndani yake dalili ya siku ilipoonwa na jua kwa mara ya mwisho kabla ya kufunikwa, na wajuzi huisoma dalili hiyo na kukadiria miaka. Kitu chenye kusema yote haya, je, ni kitu kilichokwisha kamuliwa?

Na pasiwe na mtu wa kuniambia kwamba mifano hii ni ya mbali. Panga ya Saidi imo nchini mwetu wenyewe wasemaji wa Kiswahili, katika vilima vya mawe ya chokaa vilivyo kiasi cha kilomita 15 kutoka bahari ya leo, na neno panga katika jina lake lina maana ya pango, wala halihusiani na lile panga la kufyekea kama wageni wanavyodhani. Uchimbaji ulianza humo mwaka 2010, kwa ushirikiano wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wanazuoni wa nje, na tabaka 19 zikapambanuliwa, kutoka juu ambako dalili za watu zina umri wa miaka kama 500 tu, hata chini kabisa. Mwaka 2013 ilionekana pembe ya shimo dogo, na mwaka 2017 likafunuliwa lote, mita tatu hivi chini ya sakafu ya sasa. Ndani yake mlikuwa na mifupa iliyooza na kulainika hata haikuwezekana kuishika. Wachimbaji hawakuthubutu kuipembua papo hapo. Waliukata udongo wote uliokuwa na mifupa hiyo kama bonge moja, wakaufunika plasta, wakaupeleka Nairobi, na kutoka Nairobi hata Burgos, nchini Hispania, ambako ulifunguliwa polepole kwa zana ndogo ndogo. Na mwaka 2021 ulimwengu ukapata habari ya kwamba alilala humo mtoto wa miaka miwili na nusu au mitatu, ubavu wake wa kulia ukiwa chini na magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, aliyezikwa kwa mikono ya watu wake miaka 78,000 iliyopita. Hilo ndilo ziko la watu kama sisi lililo kongwe kuliko yote yajulikanayo katika Afrika. Walimwita Mtoto, kwa Kiswahili, na jina hilo likaenea katika kila lugha iliyosimulia habari zake.

Nataka msomaji azingatie jinsi ilivyojulikana ya kuwa hilo lilikuwa ziko, wala si ajali ya mzoga uliofukiwa na maporomoko. Ilijulikana kwa udongo. Udongo uliojaza shimo ulikuwa tofauti na udongo wa tabaka lililochimbwa, na dalili zake ziliithibitisha kazi ya kuchimba na kufukia; na mifupa ililala katika mpango ambao hupatikana pale tu mwili unapoozea mahali ulipolazwa, ukiwa umekwisha funikwa. Ule udongo, basi, ndio shahidi wa huruma ya wazazi wale. Na huo ndio kijitabu chetu kinauita mashapo.

Neno ninalolipendekeza, ambalo nimelipendekeza kwa maandishi na kwa mdomo tangu zamani, ni matuamo. Asili yake ni tua, nacho ni miongoni mwa vitenzi vya Kibantu vilivyo vikongwe na vyenye kizazi kingi, kisichoazimwa kwa Mwarabu wala kwa Mhindi wala kwa Mreno. Mchukuzi hutua mzigo; ndege hutua mtini; jua hutua jioni; msafara hutua penye maji; na mtu aliyehangaika akapata habari njema husema moyo wangu umetua. Katika tua tumepata tulia na tuliza na utulivu. Tumepata kituo cha wasafiri, na kituo cha washairi ambacho ni mahali ubeti unapopumzika. Kila neno katika ukoo huu lina mambo mawili, kushuka na kupumzika, na mambo hayo mawili ndiyo yale yale yanayoipata chembe ya vumbi inayoingia pangoni kwa mlango, ikaelea kidogo katika kivuli, ikafika chini, isiondoke tena.

Ukiisha kupata tua, kiongeze kile kiambishi -am-, ambacho wanasarufi wetu wameghafilika nacho mno ijapokuwa ni johari ya nahau ya Kiswahili. Kiambishi hiki hueleza kwamba jambo limefika katika hali fulani na likadumu katika hali hiyo: aliyejificha akakaa katika maficho amefichama, kilichofungwa kikashikana kimefungama, kilichoganda kikang’ang’ania kimegandama, na ndani ya simama, inama na egama utaisikia sauti ile ile. Basi kilichotua kikadumu katika kutua kwake kimetuama. Wazee wetu walilitumia neno hili kila siku walipoteka maji ya kisima yenye tope, wakayaweka mtungini na pengine wakayatia shabu, wakangoja yatuame, tope likashuka chini na maji yakawa meupe juu. Na hivyo ndivyo pango linavyofanya na karne zake.

Waama kuhusu umbo la jina, ma- mwanzoni na -o mwishoni, hakuna la kutetea, kwa kuwa ndiyo njia pana iliyopitwa na mavuno kutoka vuna, na mapato kutoka pata, na maporomoko kutoka poromoka, ambayo yote ni majina ya vitu vingi vinavyotokana na tendo moja. Matuamo ni vile vilivyotuama. Mtoto wa darasa la nne ataelewa bila ya kufafanuliwa, na hiyo ndiyo sifa ya kwanza ya istilahi njema.

Tena neno hili lina fadhila ambayo mashapo hayana wala hayatakuwa nayo, nayo ni kwamba lina mpangilio wa wakati ndani yake. Kilichotangulia kutua ndicho kilicho chini, na kilichofuata kiko juu yake. Sharti hili, ambalo Nicolaus Steno aliliandika mwaka 1669 na ambalo elimu yote ya tabaka imejengwa juu yake, limo katika kitenzi chetu kabla hajaja mwalimu wa kulifundisha. Mashapo ni fungu moja lisilo juu wala chini. Fauka ya hayo, matuamo yana kinyume chake, na kinyume hicho kimo katika lugha tayari: maji yaliyotuama yakikorogwa tunasema yametibuliwa. Mchimbaji akikuta tabaka lililovurugwa na panya wachimbao mashimo, au na mizizi, au na watu wa baadaye walioingia na majembe, ataandika matuamo yaliyotibuka, na kila msomaji atajua mara moja kwamba ushahidi wa tabaka lile umeingia shaka. Na atibuaye mashapo, mwenye kusema Kiswahili, anafanya nini?

Mtu asidhani ya kuwa nimelileta wazo hili peke yangu. Warumi, ambao lugha nyingi za Ulaya zimechukua kwao jina la kitu hiki, walilifinyanga kutokana na kitenzi sedere, maana yake kuketi. Waarabu, ambao sisi tumeazima kwao hili neno tabaka, huita rawasib, kutokana na rasaba, maana yake kuzama na kutua chini. Umma mbili zilizo mbali kwa mji na kwa lugha zilipokitazama kitu hiki ziliona kushuka na kuketi. Wala hapana hata mmoja aliyeona kukamua. Kamati yetu peke yake ndiyo iliyoona kinu.

Najua yanayosemwa dhidi yangu, na sitayanyamazia. Wapo wanaotaka tuandike sedimenti tukaachana na taabu. Hao nawaheshimu kwa ukweli wao, kwa kuwa hawakulazimisha neno la Kiswahili kubeba maana isiyo yake, lakini siwezi kuwafuata, maana lugha iliyo na tua, tuama na tibua haina njaa ya kuomba mlangoni kwa jirani. Wapo wanaosema udongo watosha. Lakini udongo kwa mkulima na kwa mwanazuoni ni kile kilicholegezwa na mvua na mizizi mahali pake na kuotesha mimea, ilhali vilivyomo pangoni vimeletwa, na swali la nani kavileta, upepo, maji, popo au mwanadamu, ndilo swali lenyewe. Wapo pia wanaosema kwamba wenye jiografia wamekwisha zoea kuandika miamba mashapo. Mazoea si burhani, na hata miamba hiyo haikukamuliwa na mtu, bali ilianza kwa mchanga na tope vilivyotuama chini ya maji. Ila sitawapokonya wenzetu wa jiografia kilicho mikononi mwao kabla sisi wa mapango hatujakitengeneza chetu.

Hoja iliyoniuma ni nyingine. Niliandika kwa adabu zote kwa wale waliokabidhiwa kazi hii, nikaeleza haya ninayoyaeleza hapa, na sikupewa jibu, la kheri wala la shari. Kisha nikapata habari ya kuwa bwana mmoja mwenye sauti katika baraza lile alilisoma pendekezo langu mbele ya wenzake na kuliita neno la mbu, kwa sababu mabwana afya huwaonya watu juu ya maji yaliyotuama, wakacheka wakapita kwenye neno jingine. Namjibu leo hadharani. Mbu hutaga katika maji, hatagi katika kitenzi. Neno kukaa latumika kwa mvivu aliyekaa kibarazani na kwa sultani aliyekaa kitini, wala hapana aliyelitupa kwa ajili ya mvivu. Na tena, yale maji ya mabwana afya huitwa hivyo kwa insafu kabisa, kwa kuwa yameacha kutembea. Nasi twataka neno la vitu vilivyoacha kutembea. Kicheko hakikuwa jawabu zamani zile wala si jawabu sasa, na mtu aliyetumia umri wake kuyapima maneno alistahili kujibiwa kwa maneno.

Lipo jambo la mwisho katika ukoo wa tua, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Kijitabu hicho hicho hutafsiri habari ya namna watu wa kale walivyokaa na kuhama kwa kusema “ruwaza za makazi”. Makazi ni neno zuri, lakini limejengwa juu ya kukaa, na mwenye kulisikia huona nyumba, shamba na kisima. Wawindaji wa zama zile hawakukaa hivyo, walitua. Walifika pangoni, wakawasha moto, wakachonga mawe, wakaondoka, wakarudi wao au wajukuu wao. Katika pango la Kuumbi, upande wa kusini-mashariki wa Unguja, imeonekana ya kuwa watu walitua humo yapata miaka 20,000 iliyopita, zama ambazo bahari ilikuwa imeshuka na Unguja ikiwa imeungana na bara, na mifupa ya punda milia, mnyama asiyekuwapo tena kisiwani, imepatikana humo. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba huko mwaka 2005, na kundi jingine likarudi mwaka 2012, na baina yao pana hitilafu juu ya miaka elfu kadhaa ya katikati: Chami alishikilia kwamba pango lilikuwa na watu, na wale wa pili kwamba lilikuwa tupu mpaka katikati ya milenia ya kwanza ya zama zetu. Hitilafu hiyo haitaamuliwa kwa ufasaha wa yeyote. Itaamuliwa kwa kusoma tabaka zenye jivu na vigae na tabaka zisizo navyo, yaani kwa kusoma matuamo ili kuijua mituo. Hayo ni maneno mawili ya mama mmoja, chembe iliyotua na msafiri aliyetua karibu yake, na sijui lugha nyingine inayoweza kuyataja mambo hayo mawili kwa pumzi moja namna hii.

Kwa matumizi, basi: matuamo ya pango, tabaka la matuamo, matuamo ya upepo, matuamo ya maji, matuamo yaliyotibuka, kitenzi ni kutuama, na kituo au mtuo ni mahali au mara ambayo watu walitua.

Wanaotayarisha vitabu vya shule nawaomba jambo moja, nalo ni jepesi: chapa ya pili ya kijitabu kile itakapotolewa, pale palipoandikwa mashapo ya pango paandikwe matuamo ya pango, na mashapo yaachiwe wenye kukamua. Na wanakamati, ikiwa bado wanalipenda neno lao, nawaomba waandike sababu zao wazitie saini, nasi tutazisoma kwa makini ambayo sisi hatukupewa.